Kilo Thelathini za Cicily

"Kwani una miili miwili, Cicily, ndio ulipe bima mbili?"

Aliyemuuliza hivyo ni Gacheri, jirani yake wa ng'ambo ya kijito. Ilikuwa Juni ya mwaka wa 2014, nasi tulikuwa uani kwa Cicily tukichagua maharagwe. Gacheri ana mdomo mkali na moyo mwororo, na alicheka mwenyewe kabla hajajibiwa. Cicily hakucheka wala hakukasirika. Alipepeta ungo wake, akapuliza maganda, akasema, "Mwili ni mmoja, na si wangu. Ni wa Baba Muthamia."

Baba Muthamia ni Mwongera, mume wake. Muthamia ni kifungua mimba wao.

Nimemjua Cicily zaidi ya miaka thelathini. Tumekaa benchi moja kanisani, tumechuma majani ya chai mashamba yakipakana, tumezikiana wazee. Si mtu wa kusimama mbele za watu, na nilipomwambia nataka kuandika habari zake aliniuliza kama nimekosa watu. Lakini naona Mungu hutuwekea watu wa namna hii karibu ili tujifunze bila kuhubiriwa.

Hakuzaliwa huku kwetu juu kwenye majani chai. Alizaliwa chini, upande wa Kiritiri kwa Wambeere, ambako jua ni la kweli na mvua huombewa. Baba yake, mzee Nthiga, alikuwa na mbuzi na mizinga ya nyuki. Mwongera alikuwa fundi wa mawe, kijana wa huku karibu na msitu, akaitwa kwenda kujenga shule huko chini. Shule ilikwisha, lakini yeye hakuacha kwenda huko. Wazee wetu waliposhuka kuomba uchumba walibeba asali kama desturi yetu ya Kimeru inavyotaka, na walipofika wakakuta kila mti kwa mzee Nthiga unaning'inia mzinga. Waliona haya, wakaificha asali yao nyuma ya mlango. Mzee Nthiga aliionja, akasema kwa adabu kwamba ni nzuri, ila nyuki wa huku kwetu labda wanasikia baridi.

Na baridi ndiyo iliyompokea bibi harusi. Wiki ya kwanza Cicily alivaa sweta mbili za mumewe, moja juu ya nyingine, akasimama mlangoni akitazama ukungu. Akamuuliza mama mkwe wake, "Mama, huku jua hutoka saa ngapi?"

"Likitaka," akajibiwa.

Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kuchuma. Majani mawili na kichipukizi, si zaidi, na mkono usikwanyue. Mwaka haujaisha alikuwa anatupita sote kwa kasi. Walipogawiwa shamba lao, Mwongera hakuandikisha namba ya chai kwa jina lake. Alisema, "Anayechuma ndiye mwenye namba." Kwa hiyo kwenye kitabu cha kituo chetu cha majani, namba ile ni ya Cicily mpaka leo.

Kitu kimoja alikuja nacho kutoka kwao na hakukiacha. Kule chini, ambako mvua inaweza kukosa, mtama wa mwaka jana haumalizwi ghalani eti kwa sababu mpya umeonekana shambani. Mama yake alikuwa akichukua punje ya mtama mpya anaitia kwenye meno. Ikiwa laini, anarudi nyumbani na ghala la zamani halifagiliwi. Ikilia kwenye jino kama kijiwe, hapo ndipo anasema, "Sasa fagia." Cicily alifanya hivyo na mahindi, na maharagwe, hata na sabuni. Sisi tulimcheka sana. Tulikuwa watu wa mvua nyingi, hatukuelewa.

Mwongera alianza kuvimba miguu mwishoni mwa mwaka wa 2013. Alidhani ni saruji na kusimama. Ilipofika Aprili alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima ilhali ameketi. Hospitali ya Meru walimwambia ni figo, na kwamba kuanzia hapo damu yake itasafishwa kwa mashine. Akapewa Alhamisi. Kila Alhamisi waliondoka na gari la kwanza, akafungwa kwenye mashine saa nne nzima, na Cicily akakaa nje kwenye benchi na Biblia yake na sindano za kufuma.

Namshukuru Mungu, walikuwa na bima. Chama chetu cha wakulima wa majani kilikuwa na mpango wake wa hospitali. Hukulipa pesa mkononi. Kila mwezi chama kilikata kidogo kutoka kwa majani uliyopeleka kituoni kwa namba yako, na wewe na watu wa nyumba yako mkawa na kadi. Kadi hiyo ilimlipia Mwongera mashine, lakini mara moja tu kwa wiki.

Mwongera mwenyewe alizoea haraka kuliko tulivyofikiri. Kilichomshinda ni maji. Daktari alimpimia kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni, basi. Siku moja nilimkuta amekishika kikombe kile kwa mikono miwili kama mtu wa sakramenti. Akaniambia, "Mama, umeona? Nilioa msichana wa Kiritiri, sasa nimekuwa mbuzi wa Kiritiri. Nakunywa mara moja nasubiri kesho."

Mwanzo wa Juni daktari akasema mara moja haitoshi tena. Inatakiwa mara mbili. Hapo ndipo Cicily alipoanza kuuliza habari za bima nyingine, akaambiwa iko moja mjini inayolipa mara mbili kwa wiki. Tarehe kumi na tisa Juni, ikiwa ni Alhamisi na Mwongera yuko kwenye mashine, alitembea mpaka ofisi yao upande wa Kinoru, akajaza fomu, akalipa. Pesa zilitoka kwa ndama waliyemuuza.

Msichana wa ofisini alimweleza vizuri. "Mama, kadi hii haifanyi kazi leo. Kuna siku sitini za kungoja. Itaanza tarehe kumi na nane Agosti. Kabla ya hapo ukiipeleka hospitali ni karatasi tu."

"Na ile ya majani niliyo nayo?"

"Usiitoke kabla ya hii kuanza. Siku moja katikati ikiwa tupu, siku hiyo ni yako mwenyewe."

Cicily akatabasamu, akamwambia msichana, "Umeongea kama mama yangu."

Yule msichana hakujua anaambiwa nini. Lakini mimi najua, na Gacheri aliambiwa siku ile ya maharagwe. "Bima mpya bado ni laini," Cicily alimwambia. "Itakauka tarehe kumi na nane Agosti. Siwezi kufagia ghala sasa."

"Haya, mama wa ghala," Gacheri akasema. "Mimi ningekuwa nimekula ndama."

Cicily akaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye kalenda ya kanisa, tarehe hiyo ya Agosti. Akapanga kwamba mwisho wa Julai atamwomba karani wa kituo amwandikie barua ya kutoka kwenye bima ya majani, tarehe ya kutoka iwe ileile ya kuingia kwingine. Mlango huu ufungwe wakati ule unafunguka. Kila kitu kilikuwa sawa, na alilala kwa amani.

Sasa nieleze jambo letu sisi wanawake, maana hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha.

Julai na Agosti huku kwetu ni miezi ya ukungu, na majani hulala. Unachuma shamba zima unapata kikapu kimoja, na malipo yake mwisho wa mwezi ni ya kununua chumvi na kiberiti. Kwa hiyo sisi watano, Cicily, Marcella, Lenah, Gacheri na mimi, tulianza zamani kuunganisha majani. Miezi hiyo ya baridi kila mmoja hupeleka majani yake kituoni, lakini yote huandikwa namba ya mtu mmoja. Mwezi huo yeye ndiye anapata kitu cha maana, na mwezi ufuatao ni mwingine. Zamu tunapiga kura kwa maharagwe. Unaingiza mkono kwenye kibuyu, ukitoa lenye madoa, mwezi ni wako.

Julai ya mwaka huo Marcella alitoa lenye madoa, na alipiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Binti yake alikuwa ameitwa chuo cha walimu.

Cicily alikuwa mwenyekiti wetu, na mwenyekiti mkali. Sisemi kwa ubaya. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Gacheri, Marcella aliteleza. Alipeleka kikapu kimoja cha kilo nane kwa namba yake mwenyewe, akidhani haitaonekana. Ilionekana. Tulipokutana Cicily alisema, "Ukiweka jani moja kando, umetoboa kikapu chote." Marcella aliomba msamaha mbele yetu, akapiga magoti, tukamwombea. Ilikwisha. Lakini nyinyi mnajua jinsi mambo huisha. Tangu siku hiyo Marcella akimwita Cicily alimwita "Mwenyekiti," hata wakikutana kisimani.

Jumatatu tarehe ishirini na nane Julai Cicily alimaliza kuchuma mapema, akaenda kituoni kuomba ile barua ya kutoka. Karani ni Thuranira, kijana mpole ambaye hupima majani yetu na kuandika kitabu. Nilikuwa hapo, nasubiri mzani.

"Thuranira, mwanangu, niandikie kwamba natoka bima ya chama tarehe kumi na nane Agosti. Si kumi na saba, si kumi na tisa."

Thuranira akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari wake. Akarudia tena. Akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

"Mama Muthamia," akasema, "utatoka vipi na Agosti humo ndani?"

"Simo wapi?"

"Majani ya Julai ndiyo yanalipa bima ya Agosti. Na Julai namba yako haina kilo hata moja. Mwezi ambao hauna kilo, kadi inalala."

"Kila mwaka Julai sina kilo," Cicily akasema. "Tunapeleka kwa zamu. Na kadi iko tu."

"Kila mwaka imelala, mama. Septemba ukipeleka majani inaamka. Ni vile hujawahi kuitumia ikiwa imelala."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile bima zetu sote zilikuwa zikilala katika miezi ya ukungu, na hatukujua, kwa kuwa hakuna aliyeugua vibaya kwa wakati huo. Na mwaka huu kulikuwa na mtu aliyefungwa kwenye mashine kila Alhamisi. Ya tarehe thelathini na moja Julai ilikuwa salama. Lakini tarehe saba Agosti na tarehe kumi na nne Agosti zingekuwa tupu, ya zamani imelala na mpya haijakauka. Alhamisi mbili. Daktari alikuwa amemwambia Cicily kwa maneno rahisi kwamba Mwongera akikosa moja tu, maji yatapanda mpaka kwenye mapafu.

Cicily aliuliza kwa sauti ileile ya chini, "Nikileta pesa?"

"Hatupokei pesa, mama. Ni kilo tu. Zikifika thelathini ndani ya Julai, makato yanatosha, na kadi iko macho Agosti yote."

"Thelathini."

"Na siku ya kupima iliyobaki ni Jumatano."

Tulirudi pamoja. Kwenye kona ya msitu alisimama akaangalia shamba lake. Tulikuwa tumechuma sehemu kubwa wiki iliyotangulia, na majani hayo yote yalikuwa yameshaandikwa kwa Marcella. Kilichobaki ni ile sehemu ya bondeni.

"Hapo nitapata ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na saba," nikasema. "Kumi na nane, Mungu akisaidia."

"Basi siwezi peke yangu," akasema. "Hata kama ningekuwa mwizi, ningekuwa mwizi wa kumi na saba."

Jumanne Gacheri alijua, kwa maana mimi siwezi kuficha kitu. Alikuja mbio, akamkuta Cicily akikamua ng'ombe. "Thuranira ni mtoto wetu," akamwambia. "Kalamu ni yake, kitabu ni chake. Aandike thelathini, nani atahesabu?"

"Kilo ambazo hazipo, Gacheri?"

"Haki wewe! Mtu anakufa, unauliza kilo zipo wapi!"

"Yule kijana atafukuzwa kazi kwa sababu yangu. Na mimi nitaketi kwenye benchi ya hospitali nikisoma Zaburi gani?"

Gacheri alikaa kwenye jiwe, akaanza kulia yeye, na Cicily akaacha ng'ombe kumbembeleza. Gacheri akafuta macho kwa leso, akasema, "Basi mwambie Marcella. Maana majani yetu sote ya kesho ni yake."

Cicily aliinamia ndoo. "Nilimpigisha magoti kwa kilo nane," akasema.

Hakumwambia Mwongera, lakini mtu anayepimiwa maji ana muda mwingi wa kuangalia wengine. Jioni hiyo kabla jua halijazama mumewe alimwambia, "Umenipa viazi bila kuvikatakata kama unavyofanya siku zote. Uko wapi leo?" Basi akamweleza yote. Mwongera alikizungusha kikombe chake kitupu.

"Mimi nimejenga kuta nyingi," akasema. "Jiwe likikaa vibaya hulitoi kwa nyundo ya siri. Unamwita fundi mwenzako, mnalinyanyua pamoja. Waambie tu hao mama. Ni watu, si serikali."

"Na akikataa?"

"Akikataa utakuwa umeuliza. Vikatekate hivi viazi, vitapoa."

Sitaki msomaji akae na hofu, kwa hiyo nitasema sasa. Naandika haya miaka mitatu baadaye, na Mwongera yuko. Anaenda mashine Jumatatu na Alhamisi kwa ile kadi mpya. Mawe hawezi tena, lakini amejifunza kutengeneza vikapu vya majani, na kimoja ninacho mimi. Binti ya Marcella amemaliza chuo na anafundisha shule ya msingi huko Kiirua. Na pale kituoni kwetu kuna jambo ambalo wageni huuliza. Miezi ya baridi ikianza, kabla ya majani kuunganishwa kwa zamu, kila mwanamke kwanza hupeleka kilo thelathini kwa namba yake mwenyewe. Thuranira akizipima husema, "Hizi ni zile za Cicily," anaandika, kisha zamu inaanza. Vikundi vingine vimetuiga. Ni Marcella aliyeleta neno hilo kwenye mkutano, na ni Marcella ambaye sasa ni mwenyekiti, kwa kuwa Cicily alikiacha kiti mwenyewe.

Lakini Jumatano ile hatukujua lolote la haya.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kituo. Cicily alikuwa amechuma tangu asubuhi bila kula, na alifika wa kwanza, kabla mtu yeyote hajapima. Hakuweka kikapu chake kwenye mzani. Alikiweka chini kando, akasimama nyuma yake akiwa bado amefunga kiunoni gunia la plastiki tunalovaa kujikinga na umande, likidondosha maji kwenye miguu yake. Mimi nilifika, kisha Lenah, ambaye huongea kidogo na kusikia mengi. Gacheri alikuja akijifanya anakohoa. Marcella alikuja wa mwisho, amefurahi, amevaa kitambaa kipya.

"Mwenyekiti leo umetutangulia," akasema Marcella. "Ama unakuja kuhesabu kama nimekula majani njiani?"

Lenah alicheka. Gacheri alimkanyaga mguu.

"Nini sasa? Kwani kumetokea nini?" Marcella akatuangalia mmoja mmoja. "Mbona mko kama watu wa matanga?"

Thuranira alikuwa amefungua kitabu. Alishika kalamu, akaangalia kikapu cha Cicily, akauliza kwa upole kama vile hajui, "Hiki ni namba gani, mama?"

Siku hiyo niliona Cicily akifanya jambo ambalo sijaona mwenyekiti yeyote akifanya. Alifungua lile gunia kiunoni, akaliweka chini kwenye matope, na akapiga magoti juu yake, mahali penye watu wote wa kituo, wanaume wa lori la kubebea majani wakiangalia. Marcella alirudi nyuma hatua moja. Akanyoosha mkono kumwinua, lakini Cicily akaushika tu mkono ule akabaki pale chini. Hakulia. Alisema kwa sauti ile ya kwao, ya kutoharakisha maneno:

"Marcella, mwaka jana nilikukatalia kilo nane, na leo nakuomba thelathini. Namba yangu haina kitu mwezi huu, na bila hizo, kadi yetu italala Agosti, Mwongera akose mashine Alhamisi mbili. Mimi nina kumi na saba. Naomba za leo ziingie kwangu mpaka zitimie, halafu zamu zikiisha, majani yangu ya Septemba nitakurudishia yote."